Kudaka Morse bila kupiga ramli

Mara yangu ya kwanza kuita CQ kwa Morse nilizima redio nikakimbia.

CQ, kwa sisi wa redio ya ridhaa, tunaoitana hewani kwa mapenzi tu, ni kumwita yeyote anayesikia. Ilikuwa yapata saa moja usiku hapa Mombasa. Bendi ya mita 20 ilikuwa wazi kuelekea Ulaya, na waya wangu wa antena nimeufunga kutoka dirishani hadi kwenye mwarobaini wa jirani (kwa idhini yake, iliyonigharimu sinia la pilau). Redio yangu ina kumbukumbu: unaingiza wito wako mara moja, kisha unabonyeza kitufe na yenyewe inapiga. Nikaiwekea maneno 22 kwa dakika, kwa kuwa ndiyo kasi niliyokuwa nikiisikia kwa wenyewe, nami sikutaka kuonekana mgeni. Nikabonyeza, nikaegemea kiti.

Alama za wito za Kenya, yaani majina yetu ya hewani, zinazoanza na 5Z4, hazisikiki kila siku, na kwa Morse ndiyo adimu zaidi. Ukiwa Ujerumani au Italia, Mzungu mwenzako umeshampata mara mia. Wa Kenya ni samaki wa kufukuziwa. Basi wakaja. Sijui walikuwa kumi na watano au thelathini, wote kwa pamoja, wote kwa kasi ile niliyoitia mimi au zaidi, maana ada ya hewani ni kumjibu mtu kwa kasi yake. Masikioni mwangu ilikuwa mvua juu ya bati. Uwezo wangu wa kudaka, yaani kuzitambua herufi kwa sikio, wakati ule ulikuwa maneno tisa kwa dakika, kumi nikiwa nimelala vizuri. Nikangoja ipungue, haikupungua. Nikazima, nikaenda jikoni kunywa maji. Mke wangu aliponiuliza vipi, nikamwambia hewa leo mbaya.

Hakuna aliyenituma. Mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio wa mwaka 2003 uliondoa sharti la Morse kwa wanaotaka kutumia masafa yaliyo chini ya megahezi 30, ukaiachia kila nchi hiari yake. Mtu anaweza kuishi umri wake wote wa redio ya ridhaa akitumia sauti na kompyuta, asiguse nukta wala kistari. Mimi niliingia kwa sababu za kimaskini: nina wati chache, waya mmoja, na stima ya mtaani kwetu ikipotea nabaki na betri ya gari. Morse hupenya penye kelele ambapo sauti ya mtu imekwisha zama. Wati tano za Morse zanifikisha nisikofika kwa kupayuka kwenye maikrofoni. Hesabu ndiyo iliyonileta, mapenzi yakaja nyuma yake.

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kujifunza kwa macho. Nilichapisha jedwali, A nukta kistari, B kistari nukta tatu, nikalibandika karibu na kioo cha kunyolea ndevu, nikalikariri wiki mbili. Nilijiona nimemaliza. Kumbe kila sauti ilipokuja nilikuwa na kazi tatu kwa mpigo: kuhesabu nukta, kulipekua lile jedwali kichwani, kisha kuandika herufi. Kwa maneno matano kwa dakika yawezekana. Kwa kumi unatoka jasho. Zaidi ya hapo ni ukuta, na ukuta huo hauna uhusiano na uvivu wa mtu. Ni hesabu tupu.

Kasi ya Morse hupimwa kwa neno PARIS. Nukta ni kipimo kimoja, kistari ni nukta tatu. Pengo ndani ya herufi ni nukta moja, pengo kati ya herufi na herufi ni nukta tatu, kati ya neno na neno ni saba. Jumlisha PARIS pamoja na pengo lake la mwisho, unapata 50 kamili. Kwa hiyo maneno 20 kwa dakika ni vipimo 1,000 ndani ya sekunde 60. Kila nukta yadumu milisekunde 60. Herufi H, yenye nukta nne, imeanza na kwisha ndani ya milisekunde 420. Nani atahesabu hapo?

Nami kwa kuwa Paris sina habari nayo, siku moja nilikaa na kalamu kutafuta neno letu lenye 50 kamili. KARIBU lina 62. SIMBA na NDIZI, 48 kila moja. BARUA, 52. Nikahangaika mpaka nikaangukia RAMLI: R saba, A tano, M saba, L tisa, I tatu, jumla 31, ongeza mapengo manne ya herufi, ambayo ni 12, na saba ya mwisho. 50. Nilicheka peke yangu chumbani. Ramli, ile ile ya mchanga, ambayo mwenyewe huipanga nukta moja au mbili katika safu nne, ikatoka sura moja kati ya kumi na sita, akakusomea mambo yako! Tangu siku hiyo napima kasi yangu kwa ramli, Paris nimewaachia wenyewe. Tena ramli ndiyo iliyokuja kuwa ugonjwa wangu, lakini hapo bado sijafika.

Aliyenitoa kwenye jedwali ni mzee mmoja wa Kibokoni, ofisa wa redio wa melini enzi za simu ya upepo. Vijana msishangae, ndivyo wazee wetu walivyoiita redio. Hata simu yenyewe, kabla haijawa hiki kitu cha mfukoni, ilikuwa waya, neno tulilolipata kwa Waajemi. Sebuleni kwake kuna saa ya ukutani iliyotoka kwenye chumba cha redio cha meli. Usoni ina vipande viwili vyekundu, dakika ya 15 hadi 18 na ya 45 hadi 48. Hizo ndizo dakika ambazo kila meli ilitakiwa inyamaze kwenye kilohezi 500 na kusikiliza kama kuna anayeomba kuokolewa. Tarehe 1 Februari 1999 mfumo mpya wa usalama baharini, GMDSS, ulianza kazi kikamilifu, na Morse ikashushwa melini. Saa imebaki ikitembea. Mara nyingine mshale ukiingia kwenye wekundu, mzee hunyamaza katikati ya sentensi. Sijui ni mazoea au ni mzaha, na sijathubutu kuuliza.

Nilimbebea redio na betri hadi barazani. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za nyumbani, akazungusha kitufe mpaka akapata Waitaliano wawili wanaongea, akawaacha waendelee huku ananimiminia kahawa na kunilalamikia bei ya nguru. Mimi nimeng'ang'ania penseli. Nilipata C, nikapata kitu kama E, nikapata tena C. Walipoagana, mzee akanisukumia kashata.

"Yule wa kwanza yuko Bari. Mvua yanyesha kwake. Wa pili amekata mazungumzo, mkewe amemwita mezani."

"Mzee, umeandika wapi yote hayo?"

"Wewe nikikwambia mvua yanyesha, waandika?"

Kisha akaniuliza herufi F yasemaje. Nikajibu haraka, kwa kuwa jedwali lilikuwa kichwani: nukta mbili, kistari, nukta. Akatikisa kichwa. "Sikukuuliza imeandikwaje, mwanangu. Nimekuuliza yasemaje." Akagonga meza kwa kidole, didi-daa-di, kama anayeita mtu aliyemzoea. "Hiyo ndiyo F. Haina nukta ndani yake. Ukitafuta nukta umeipoteza."

Ikabidi nianze upya, alifu kwa ujiti. Njia aliyonielekeza kwake haikuwa na jina. Baadaye nikaja kusoma kwamba Mjerumani Ludwig Koch aliifanyia utafiti miaka ya 1930. Unaanza na herufi mbili tu, aghalabu K na M, lakini kwa kasi kamili unayoitaka. Ukizidaka kwa asilimia 90, waongeza ya tatu. Polepole haimo, kwa hiyo nafasi ya kuhesabu haimo. Ipo pia njia ya Mmarekani Farnsworth: herufi yenyewe hupigwa haraka, ila mapengo kati ya herufi hunyooshwa ili upate kuvuta pumzi. Nilizichanganya zote mbili, herufi kwa kasi ya maneno 22, mapengo kama ya maneno manane, nikawa nayakaza mapengo kidogo kidogo kila wiki. Tovuti ya LCWO ni bure na inafunguka hata kwenye simu ya bei ya chini. Ndiyo niliyoitumia zaidi.

Tuliopita chuo cha Kurani jambo hili tunalijua bila kuambiwa. Mtoto huanza kwa kuendeleza, herufi na irabu yake, herufi na irabu yake, huku mwalimu amemwekea kidole. Siku ikifika anaisoma sura kwa mtiririko, na siku hiyo ukimkatiza umuulize herufi gani imepita sasa hivi, anapotea kabisa. Ameshatoka kwenye herufi. Mimi nilikuwa mzee mzima bado nimewekewa kidole.

Nilifanya robo saa kila siku, baada ya alfajiri, kabla watoto hawajaamka. Nilishajaribu saa nzima nzima za usiku, sikufaidi kitu. Sikio huchoka bila kukuarifu, ukaendelea kujizoesha makosa. Ukilala vibaya, unashuka maneno mawili matatu, na ukijilazimisha siku hiyo unajiharibia na ya kesho.

S, H na 5 zilinitesa peke yake. Nukta tatu, nukta nne, nukta tano. Kwa mtu wa 5Z4 hilo ni jambo la nyumbani: alama yetu inaanza na nukta tano, halafu Z, halafu 4 ambayo ni nukta nne na kistari. Kwa kasi ya 20 zote tatu ni mchirizi mmoja. Nilizichanganya mwezi mzima, na nilipomshitakia mzee akaniambia nisisikilize nukta, nisikilize urefu wa mlio. Mlango ukibishwa wajua ni mgeni au ni mtoto wa nyumbani, na hukuhesabu ngumi. Basi nikaiwekea programu herufi hizo tatu tu, ovyo ovyo, dakika kumi kila alfajiri, bila kuandika, natamka tu kwa mdomo. Siku za kwanza nilikuwa nabahatisha. Kisha asubuhi moja H ikawa ndefu kuliko S. Siwezi kueleza zaidi ya hapo. Jana zilikuwa sawa, leo hii ni fupi na hii ni ndefu, kama kidole cha shahada na cha kati.

Nilipofika maneno 13, ramli ikaanza.

Akili ikipata nafuu kidogo haikai bure, inakimbilia mbele kubashiri. Nilikuwa na mazungumzo na bwana mmoja, akapiga QTH, yaani mahali alipo, kisha M, A, R. Mimi hapo nimeshafika Marseille. Nimeuona mji, nimeiona na bandari. Herufi zilizofuata zikanipita hivi hivi kwa kuwa nilikwisha jijibu. Nikampigia kwamba nimefurahi kumpata mtu wa Marseille. Akanyamaza kidogo. Kisha akaja polepole, kama mtu anayemsemesha mkwewe kiziwi: MARIBOR, MARIBOR. Slovenia. Na alama yake ya wito ilianza na S5, ambayo ni ya Slovenia, kama ningekuwa nasikiliza.

Nilimsimulia mzee, akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Yeye naye, akasema, alipokuwa kijana aliwahi kumwandikia nahodha bandari ambayo haikutajwa. Mpiga ramli hungoja sura itimie ndipo aseme. Sisi wa simu tunasema kabla mchanga haujatulia. "Wacha neno lifike mwisho wake. Likifika lenyewe litakwambia."

Upande wa pili wa ugonjwa huo ni majuto. Herufi moja inakuponyoka, unabaki nayo, ilikuwa L au F, ilikuwa L au F, na wakati unaijutia zimepita sita nyingine. Sisi tuna feri ya Likoni, na kila mtu anamjua yule anayefika lango limefungwa akasimama kuisindikiza kwa macho na matusi, mpaka ya pili inajaa na kuondoka yuko pale pale. Nikajiwekea sharti: iliyopita imepita, naacha nafasi tupu, nasonga. Ajabu ni kwamba nafasi tupu hujijaza zenyewe. Ukiwa na W na THER unajua ni WEATHER, hali ya hewa, na hiyo si ramli, maana neno limekwisha ndipo umelisoma.

Kisha ikaja miezi minne ya maneno 14. Minne! Robo saa kila alfajiri, na mshale hausogei. Nilikaribia kuiuza ile redio. Kilichonishikilia ni kusoma kwamba hali hii ilipimwa zamani sana: Wamarekani wawili, William Lowe Bryan na Noble Harter, walichapisha mwaka 1897 na 1899 uchunguzi wao juu ya wapiga simu za waya, yaani Morse ya kwenye nyaya. Walichora mistari ya maendeleo ya wanafunzi wiki kwa wiki. Mstari wa kupiga unapanda vizuri tangu mwanzo. Mstari wa kudaka unapanda, kisha unalala kama uwanda, wiki nyingi, kisha unapanda tena. Maelezo yao ni kwamba wakati wa uwanda mtu anaendelea kujenga chini chini: kwanza herufi, halafu maneno mazima, halafu vifungu. Mpaka cha chini kijiendee chenyewe, cha juu hakishiki. Mstari wangu ulikuwa ule ule, miaka zaidi ya mia baadaye, kwenye meza ya Mombasa.

Na kilichokuwa kinaniweka uwandani, nikaja kugundua, ni penseli. Mkono wangu haukuweza kuandika zaidi ya maneno 14 au 15 na kusomeka. Sikio lilikuwa tayari, linamngoja mkono. Kuiacha penseli kulikuwa kama kuachia ukingo wa bwawa. Siku ya kwanza nilidaka maneno kama matatu katika dakika tano, mengine yote yalipita kama upepo, na kila yalipopita mkono ulikuwa unajikunja wenyewe mezani. Nikaanza na vidogo vya Kiingereza cha hewani: THE, UR (yako), FB (safi sana), HR (hapa), WX (hali ya hewa), ES (na). Vile ambavyo hurudiwa kila mazungumzo. CQ si C na Q, ni mlio mmoja kama honi ya matatu unayoijua kwa mbali. 73, salamu ya kuagana, vivyo hivyo. 5NN, ambayo ni 599, taarifa kwamba unasikika safi, iliyofupishwa kwa kuwa 9 ina vipimo 17 na N ina vitano, ni mlio mmoja tu. Ukishakuwa na mia ya namna hiyo, kinachobaki kudakwa herufi kwa herufi ni jina, mji na alama ya wito.

Kwa alama za wito sijapata mwalimu mtulivu kama minara ya NCDXF kwenye megahezi 14.100, vituo vinavyojipigia vyenyewe ili watu wajue bendi iko wazi kuelekea wapi. Ni vituo 18 duniani, kila kimoja kina sekunde kumi zake, mzunguko mzima dakika tatu. Kila kimoja kinapiga alama yake kwa maneno 22 kwa dakika, kisha vistari vinne virefu vya sekunde moja moja: cha kwanza kwa wati 100, kisha 10, kisha 1, kisha sehemu moja ya kumi ya wati. Wa kwetu ni 5Z4B, zamu yake iko baada ya ZS6DN wa Afrika Kusini na kabla ya 4X6TU wa Israeli. Nilikuwa nafungua bila kutazama saa, nikijaribu kumjua anayeita. Na angalieni ile kasi. Ni 22, ile ile iliyonikimbiza jikoni.

Halafu mashindano, ya kuwapata watu wengi hewani kadiri uwezavyo. Watu wengi wapya huyaogopa kwa kuwa kasi ni 30 na kitu, na mimi niliyaogopa mwaka mzima bila sababu. Kwenye CQ WW ya Morse, wikendi nzima ya mwisho ya Novemba kwa saa 48, kila mtu anapiga kitu kile kile: 5NN na namba ya kanda yake. Kenya ni kanda ya 37. Kituo kikubwa kinaita alama yake mara mia kwa saa. Unaweza kukaa umsikilize mara tatu, mara saba, mpaka umempata herufi zote, ndipo umwite. Hakuna anayekuona umechelewa. Jumapili jioni nilikuwa nadaka kwa 28 vitu ambavyo Ijumaa vilikuwa vumbi, na Jumatatu niliporudi kwenye 18, mapengo yalikuwa mapana unaweza kupitisha mkokoteni. Tangu hapo kila wiki najizamisha siku moja kwenye kasi inayonizidi, bila kudai kudaka kitu, kisha narudi chini. Programu ya RufzXP nayo inafanya kazi hiyo kwa ukatili: inakupigia alama moja, ukipatia inaongeza kasi, ukikosea inapunguza. Dakika tano zake zinatosha, zikizidi unaota usiku.

Kuna Mmarekani, Ted McElroy, aliyedaka maneno 75.2 kwa dakika mwaka 1939, akiandika kwa taipu. Mimi hilo silitafuti, na kusema kweli wanaoulizana hewani nani anafika 40 na nani 50 hunichosha haraka. Nilitaka kukaa barazani na kikombe.

Jambo moja la pembeni, kwa wenzangu wa lugha hii. Kwa Kiswahili kitupu nimefanya mazungumzo machache sana ya Morse, na kila mara yananifundisha kitu. Alama hizi zilikatwa kwa kipimo cha Kiingereza: E ni nukta moja, T kistari kimoja. Kwetu sisi mfalme ni A, na A inakula vipimo vitano kila inapotokea, nayo inatokea kila mahali. Ukitaka kusema NIMEKUSIKIA ni vipimo 94, sekunde tano u nusu na ushei kwa kasi ya 20. Wenzetu wanapiga R tu, wamemaliza. Nilijaribu kufupisha kwa kung'oa irabu kama wanavyofanya wao, ikawa balaa: NMKSK ni nimekusikia, au nimekusaka, au nimekasirika nusu? Kwetu irabu ndiyo inayobeba mambo. Lakini ina faida yake. Irabu haikawii kufuata konsonanti, na karibu kila neno linaishia kwa irabu, kwa hiyo sikio linajua neno limefika ufukweni hata kama mpigaji anabana mapengo. Mtu wa kwanza niliyemdaka kichwani bila kukosa hata herufi moja alikuwa ananiandikia Kiswahili. Sikujua kwamba nimemdaka, nilikuwa nacheka alichokisema.

Mwaka mmoja na nusu baada ya ule usiku wa maji jikoni, niliita tena, mwarobaini ule ule, saa ile ile. Safari hii kwa mkono, kwenye kitufe cha mabawa mawili, maneno 20, ambayo ndiyo yangu kweli. Wakaja tena kwa pamoja. Huwezi kuwadaka wote, na wala hutakiwi. Katika ule mchanganyiko unanyakua kipande, nami nilinyakua DL na mwishoni K, nikapiga DL, K, na alama ya kuuliza. Wengine wakanyamaza, mwenyewe akarudia, nikampata. Kisha kipande kingine. Ndani ya saa moja nilikuwa na watu 31 kwenye daftari, na shati limelowa mgongoni.

Walipopungua, akabaki mmoja. Dhaifu, anapiga kwa mkono, kitufe cha kawaida, labda maneno saba kwa dakika. Nikamjibu. Akaanza kunieleza jambo, na mimi, bingwa wa saa nzima iliyopita, sikuelewa hata neno. Herufi zilikuwa zinafunguka katikati. Kistari kinakuja, nangoja, nangoja, na kinapokuja kipande kinachofuata nimesahau cha kwanza. Nilifungua droo, nikapekua chini ya meza, nikaipata penseli nyuma ya betri. Nikageuza bahasha ya bili ya maji, nikawa naandika nukta na vistari kama vilivyo, kimoja kimoja, kisha nikavisoma kwa macho, kama lile jedwali la kwenye kioo. Jina lake, mji wake, na mwishoni QRS, nimwendee polepole.

Nikazungusha kasi mpaka saba.